Mafuta Yaliyolazwa

Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa ameshaifunga kesi kichwani mwake, na kichwa kile kikishafungwa hakina ufunguo. Alimsukumia mpelelezi Msumari faili juu ya meza, akajifuta jasho la shingoni kwa leso.

"Hati ya kupokea dizeli hiyo hapo. Mapipa manne, saini ipo, mhuri upo. Dumu linalonuka dizeli tumelikuta uvunguni kwa fundi. Jenereta la kituo cha afya limezimika mgonjwa yuko mezani, tumbo wazi, na mama wa watu amekufa. Unataka nini tena, dada? Malaika ashuke atoe ushahidi?"

"Nataka kuona yalipokaa hayo mafuta kabla hayajaibiwa."

"Kesho asubuhi anapandishwa kizimbani. Watu wameshamvunjia nyumba kwa mawe. Ukinichelewesha, wakivamia hapa, mimi simo."

"Wewe hujawahi kuwamo, mkuu," alisema Msumari, akachukua faili.

Jina la Msumari alipewa na wenzake kazini, kwa sababu mama yule akishaingia mahali hatoki mpaka kitu kipasuke. Wengine walimsifia kwalo, wengi walimlalamikia. Yeye mwenyewe alikuwa na kazi nyingi mno za kujali jina.

Fundi wa jenereta, ambaye mji mzima ulimwita Moshi, alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, jicho moja limevimba kwa jiwe alilorushiwa. Alikuwa mtu mzima, mvi zimemjaa, na mikono yake ilikuwa na weusi wa grisi ambao sabuni ilishakata tamaa nao.

"Shikamoo, mzee," alisema Msumari.

Moshi alimtazama kwanza, kana kwamba salamu ile imekosea mlango. "Marahaba, mwanangu. Tangu niletwe humu sijaamkiwa na mtu. Natukanwa tu."

"Mapipa manne ya dizeli umeyauza wapi?"

"Mapipa!" Moshi alicheka, kicheko kikamuumiza jicho. "Jenereta lile nalilisha kwa dumu, kama mtoto wa chupa. Mwaka mzima. Tunachanga, mimi na wauguzi, kila mmoja anatoa alichonacho, naenda kununua, nabeba kichwani. Ningeona mapipa manne ningeyapigia magoti."

"Na siku ile?"

"Siku ile umeme ulikatika adhuhuri, daktari yuko katikati ya kazi. Nikawasha. Dumu lilikuwa nusu. Nikakimbia nyumbani kuchukua la akiba, nikakuta nalo lina tone la kulamba tu. Niliporudi lilikuwa limeshazimika. Wanamulika kwa simu, mashine ya hewa imekufa." Akaitazama mikono yake. "Nilimsikia daktari akilia. Mwanamume mzima."

"Haya yote umewaambia polisi?"

"Niliwaambia. Nikapigwa kofi, nikaambiwa hati haisemi uongo."

"Nani mwingine anajua habari za dumu?"

"Sista anajua."

"Sista hajasema kitu."

Moshi aliikwangua grisi ya kidole gumba kwa ukucha. "Sista ana watoto," alisema.

Kwenye kituo cha afya foleni ilikuwa imepinda mpaka nje ya lango. Karibu na mzani wa watoto alikaa mwanamke wa makamo amempakata kichanga, na ingawa benchi lilijaa, watu walimwachia nafasi pande zote mbili. Huyo ndiye mama wa marehemu. Binti yake aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, akatoka amefunikwa shuka, na mjukuu akatolewa kwa mlango uleule akilia kwa sauti yake yote.

"Afande!" aliita bila kuinuka. "Yule mwizi mnamlisha mpaka lini?"

"Tunachunguza, mama."

"Mnachunguza! Mwanangu yuko ardhini, ninyi mnachunguza. Nipeni mimi huyo Moshi. Nusu saa inanitosha, na mjukuu wangu nitampa mtu anishikie."

Msumari aliinamisha kichwa, akapita. Angemjibu nini? Kwamba polisi wana faili?

Muuguzi mkuu, ambaye wote walimwita Sista, alimpokea na fungu la funguo mkononi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa mwendo wa haraka, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Walikwenda nyuma ya wodi, kwenye kibanda cha jenereta. Msumari aliinama, akaufuata mrija wa mafuta kwa kidole tangu kwenye injini. Haukwenda kwenye tangi. Ulipanda juu, ukaishia kwenye shimo la dumu la plastiki lililofungwa kwa kamba ukutani.

"Tangi lina kasoro?"

"Halina," alisema Sista. "Ni kubwa. Ukitia kidogo, mafuta hayafiki mdomoni mwa mrija. Ndiyo maana Moshi akatengeneza hivyo."

"Ukitia kidogo," alirudia Msumari. Akafungua kifuniko cha tangi. Kilikataa, akakipiga kwa kitako cha mkono, kikalegea. Chini ya kifuniko, juu ya chujio, palikuwa na kiota cha nyigu, kile cha udongo mkavu, kizima, vijumba vyake vimepangana vizuri. Nyigu walikuwa wameingia kwa kitundu cha pumzi, wakajenga kwa raha zao. Akamwonyesha Sista.

"Labda mafuta yalikuwa bado stoo," Sista alisema.

"Twende stoo."

Stoo ilinuka sabuni, karatasi ngumu za maboksi na dawa ya kusafishia vidonda. Msumari alisimama mlangoni akavuta pumzi kwa pua, mara mbili, tatu. Dizeli haina adabu. Ikidondoka tone moja chumbani, mtaisikia mpaka mnaozesha wajukuu. Humu haikuwamo, na wala haijawahi kuwamo. Sakafu ya saruji haikuwa na doa la mafuta, haikuwa na ile duara ambayo pipa huiacha likikaa.

"Mapipa yalikaa wapi, Sista?"

"Pale. Pale pembeni."

Pembeni palirundikwa vitanda vibovu vya watoto, vumbi limelala juu yake kama blanketi, na utando wa buibui umeunganisha miguu ya kimoja na cha pili.

"Chini ya vitanda hivi?"

"Nimesahau, afande. Kazi ni nyingi."

"Saini kwenye hati ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliyahesabu mapipa?"

"Nilisaini."

"Nimekuuliza kama uliyahesabu."

"Na mimi nimekujibu nilisaini!" Sauti ya Sista ilipanda, ikavunjika. Alifunga stoo, akasema ana wagonjwa, akaenda zake.

Msumari alibaki uwanjani na hasira yake. Mafuta hayakufika, hilo alikwisha kulijua. Lakini kiota cha nyigu hakipandi kizimbani kula kiapo. Mwendesha mashtaka angesimama aseme Sista na Moshi wameyauza njiani pamoja, na hakimu angeitikia kwa kichwa. Alitaka mtu aseme kwa mdomo wake yalikokwenda. Akaenda halmashauri.

Mweka hazina alimkaribisha katika ukumbi wa mikutano, kwa sababu ofisi yake, alisema, ilikuwa inapakwa rangi. Alikuwa mtu wa tabasamu. Alitabasamu kabla hujafika, akaendelea ukishaondoka. Ukumbi ulikuwa na meza ndefu na viti vya ngozi, vyeusi, vikubwa, ambavyo mtu akikaa anazama.

"Kaa, afande, kaa. Vipya hivyo, hatujavitoa hata nailoni."

Msumari alikaa, nailoni ikalia chini yake. "Dizeli ya kituo cha afya. Mlilipa?"

"Yote! Na kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Hesabu zetu ni safi, mama. Wakaguzi wametusifu."

"Na mzabuni akaipeleka?"

"Hilo muulize aliyepokea. Mimi nalipa kwa saini. Saini ikiwepo, mafuta yapo."

"Saini ikiwepo, mafuta yasiwepo?"

Alicheka mpaka tumbo likacheka naye. "Hapo panakuwa pa polisi, si pa hazina. Ndiyo maana mmemkamata fundi. Kazi nzuri."

Simu yake ikalia. Aliinua kidole kumwomba radhi mgeni, akaipokea. "Eeh. Hiyo ya madawati ya shule? We, usiirudishe hata senti! Mwaka unafungwa, itachukuliwa na wakubwa huko juu. Ilaze kwa mzabuni. Tutaiamsha tukiihitaji." Akaikata. "Samahani, afande. Mambo ya kufunga mwaka."

Msumari aliangusha kalamu. Alipoinama kuiokota aliona, chini ya mkono wa kiti, karatasi ndogo iliyobandikwa na muuzaji. Mhuri wake ulikuwa uleule uliopo kwenye hati ya dizeli.

"Mzabuni wenu wa viti ndiye wa dizeli?"

"Yule? Yule ni wa kila kitu. Mwaminifu sana."

"Hivi viti vililipwa kwa fungu gani?"

Kwa mara ya kwanza tabasamu lilisahau kazi yake. "Afande, tufuate kilichokuleta."

"Ndicho kilichonileta," alisema Msumari, akainuka. Masikio yalimwasha kwa hasira. Hakutaka kuendelea kukalia kile kiti hata kwa kupumua mara moja zaidi, kwa sababu sasa alijua amekalia nini.

Njiani alilitafuna lile neno. Hospitalini mgonjwa hulazwa. Akipona huruhusiwa, akifa huzikwa, na vyovyote vile kuna mtu anayeuliza habari zake. Hapa walilaza fedha. Mwaka ukikaribia kufungwa, fedha ambayo haijatumika hurudishwa juu, basi wao wanamlipa mzabuni kwa mzigo ambao haujatoka dukani, anayepaswa kuupokea anasaini kwamba ameupokea, na fedha inalala kwa mzabuni salama salimini. Hesabu zinakuwa safi. Wakaguzi wanasifu. Kisha anayeiamsha ni nani? Ni mwenye nguvu, bila shaka, tena kwa shida yake, si kwa shida ya aliyesaini.

Alimkuta Sista katika chumba cha dawa, peke yake, akihesabu chupa. Msumari alifunga mlango nyuma yake. Hakuwa na ushahidi zaidi ya neno moja, akalitumia.

"Sista, mafuta yalilazwa."

Chupa ilimtoka Sista mkononi. Haikuvunjika, ilibingirika chini ya kabati, na hakuna aliyeinama kuifuata.

"Nani amekwambia?"

"Niambie wewe."

Sista alikaa juu ya boksi. Alianza taratibu, kisha maneno yakamwagika. Fedha ya dizeli ilikuja imechelewa, mwaka umebakiza siku za kuhesabu kwa vidole. Mweka hazina akamwita. Dada, saini umepokea, la sivyo yote inarudi, na kituo chako kitakaa bila mafuta mwaka mzima, na lawama itakuwa yako.

"Nilidhani naokoa, afande! Haki ya Mungu. Mwaka wa nyuma tulilaza magodoro vilevile, nikasaini, na yakaja. Yalichelewa, lakini yalikuja. Wagonjwa wanayalalia mpaka leo. Basi nikasaini na dizeli. Nikasubiri. Kila nikiuliza naambiwa, bado imelala. Tukaanza kuchanga."

"Na Moshi alipokamatwa?"

Sista alifunika uso. "Nilimpigia Mweka hazina, akaniambia, saini ni yako, ukisema utafungwa wewe. Nina watoto watatu, afande. Baba yao hayupo."

"Moshi anajua?"

"Anajua yote. Anajua nilisaini hewa."

"Na amenyamaza kwa ajili yako," alisema Msumari. "Kapigwa mawe, jicho limeziba, kesho anapelekwa kwa pingu, na amenyamaza ili wanao wapate kula. Wewe unahesabu chupa."

Aliyasema kwa ukali kuliko alivyokusudia, na hakuyajutia. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko chumba kile. Sista alipata ile iliyomwagika tu.

Kisha Sista alifuta uso kwa kiganja, akatoa simu mfukoni mwa gauni lake jeupe.

"Nikimpigia, akasema mwenyewe, itafaa?"

"Itafaa kukiwa na shahidi zaidi yangu. Mimi watasema nina chuki."

Sista alifikiri. "Mwite yule mama pale kwenye mzani."

"Mama wa marehemu? Sista, una hakika?"

"Hakuna mwenye haki kuliko yeye. Mwite kabla sijaogopa tena."

Bibi aliingia na mjukuu wake amelala begani, akawatazama wote wawili kwa shuku. Msumari alimwomba asikilize tu, asitoe sauti, hata akisikia nini. Akaweka simu yake mwenyewe mezani irekodi. Sista alipiga, akafungua sauti.

"Sista wangu!" Mweka hazina alikuwa mchangamfu. "Nambie. Wamekusumbua?"

"Bosi, naomba ule mzigo wetu uamshwe. Jenereta halina hata tone. Nina wajawazito wawili wa kupasuliwa."

"Mzigo gani tena? Dada yangu, ule uliamka zamani. Ulikuja ugeni mkubwa, ukumbi hauna kitu. Ulitaka niwakalishe wakubwa sakafuni? Tumebadilisha kwa mzabuni, tumechukua viti. Vizuri kweli, siku moja njoo ukalie."

"Lakini nilisaini dizeli, bosi."

"Ndiyo, ulisaini, kwa hiyo tulia. Makaratasi yanasema ilifika. Kama ilifika na haipo, imeibwa, na mwizi si yuko ndani? Yule mzee hana mtu wa kumsemea. Kesho inaisha. Funika kombe mwanaharamu apite."

Msumari alijongea karibu na simu.

"Mwanaharamu hajapita, Mweka hazina. Amesimama hapa anakusikiliza."

Upande wa pili palisikika pumzi, kisha sauti ndogo sana iliyosema, "Nani huyo?" Halafu simu ikakatwa. Msumari aliiweka rekodi salama, akampigia mkuu wa kituo. Alimwambia amtoe Moshi mahabusu, ampe maji ya kuoga na kiti cha kukalia, na atume watu halmashauri kabla mtu hajapata nafasi ya kuchoma makaratasi. Mkuu alianza kusema juu ya taratibu. "Nimekwisha kukwambia, mkuu," alisema Msumari, "na shahidi yupo." Akakata.

Bibi hakuwa ametikisika. Alikuwa akimtazama Sista, na hasira yote aliyokuwa akiilimbikiza kwa Moshi ilikuwa inahama taratibu, ikitafuta mahali pa kukaa.

"Viti," alisema. "Mwanangu kafa kwa viti."

"Mama, nisamehe," alisema Sista.

"Na wewe ndiye ulinishika siku ile. Nilianguka pale koridoni, ukanilaza mapajani pako, ukalia pamoja nami. Ukaniambia ni kazi ya Mungu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi nimekwenda na mawe nyumbani kwa yule mzee. Jicho lile ni jiwe langu. Ulijua, ukaniacha niende."

"Niliogopa, mama. Nina watoto."

"Huyu naye ana nani?"

Sista alianguka magotini, akashika upindo wa kanga ya bibi, na bibi akaunasua upindo wake bila kumpiga, bila kumsukuma, kama mtu anayetoa nguo kwenye mwiba. Msumari alipiga hatua kusogea kati yao, kisha akaacha.

Bibi aliinama. Alimtoa mjukuu begani, akamweka mikononi mwa Sista pale chini alipopiga magoti. Mtoto aliamka, akakunja uso, akaanza kulia.

"Umezoea kusaini usichopokea," alisema. "Leo pokea kwanza."

Sista alimkumbatia mtoto kifuani, wala hakuthubutu kumtazama usoni. Bibi alivuta boksi, akakaa, akaweka mikono mitupu mapajani.

"Andika, afande," alisema. "Mimi sina haraka."

Msumari alifungua karatasi ya maelezo, akaiweka juu ya meza ya dawa, akauliza swali la kwanza, na akalirudia kwa sauti zaidi kwa sababu ya kilio cha mtoto.